Mchele wa Maji Saba

Huko Kisauni na Mtongwe, wanawake wakiniona natokeza na buibui langu na mbuzi ya kukunia nazi kwapani, huanza kucheka hata kabla sijatoa salamu. Wanajua kitakachofuata. Nitaiweka mbuzi chini, nitamwita mmoja mmoja aikalie kama anayetaka kukuna nazi, kisha nitamwambia, "Haya, simama. Bila kushika ukuta, bila kumshika shoga yako." Wengi husimama huku wakinisuta kwamba nimewatoa jikoni kwa mchezo wa watoto. Mara mojamoja hupatikana asiyeweza. Hujaribu mara mbili tatu, kisha hucheka kwa haya na kusema kiatu kimemteleza, na kumbe hana kiatu. Huyo ndiye niliyetoka kisiwani kumfuata.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote ambaye vidole vyake vya miguu vimeanza kufa ganzi akadhani ni uchovu tu. Mimi si daktari. Sijui kilichomo ndani ya sindano wala ndani ya punje ya mchele. Nijualo ni jinsi mtu anavyoweza kuketi kwenye mbuzi akiwa mzima wa kusema na kucheka, asiinuke tena, na jinsi anavyokuja kuinuka.

Wakati wa vita sisi watu wa Mombasa tulikula tulichopata. Tulikula sima ya mahindi ya manjano, mtama, muhogo na kunde, na kila sahani ilipotua mavyaa wangu, Bi Zuhura, mamake mume wangu, aliitazama kama mgeni asiyealikwa. "Mchele ukirudi," aliapa, "sima haitaingia tena nyumba hii, labda n'tolewe mimi kwanza." Vita vikaisha, mchele ukarudi madukani, mweupe kama meno ya mtoto, na Bi Zuhura akatimiza kiapo chake. Tulikula wali mchana na wali jioni. Mchele wenyewe aliuosha kwa mikono yake, maji saba, mpaka maji ya mwisho yatoke safi hata ungeweza kuyatilia udhu. Ukichemka aliumwaga maji tena. Mtaa mzima wa Kibokoni ulijua kwamba hakuna wali mweupe kama wa Bi Zuhura, na mimi mkaza mwanawe nilijivunia hayo kuliko yeye.

Kisha kaskazi moja nikashikwa na homa iliyonilaza majuma mengi. Ilipoondoka iliniacha mwepesi, na mavyaa akaapa kunirudisha. Akanikataza mbaazi kwa kuwa ni nzito kwa mgonjwa. Akanikataza samaki asije akaiamsha homa. Kunde akasema zitanijaza tumbo. Nilichoruhusiwa ni wali wake mweupe na samli kidogo, uji wa mchele huohuo na chai. Wengine nyumbani walikula kitoweo kama kawaida, na mume wangu Athumani, ambaye ni seremala, alikuwa na mahamri na mbaazi zake za asubuhi huko kwenye kiwanda chake. Mimi nililindwa. Nilipendwa mno mwaka ule, nawaambieni kweli.

Siku watu walipoleta posa ya mdogo wangu Rukia, niliona nimepoa kiasi cha kukuna nazi mwenyewe. Rukia nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, na akiba pekee aliyotuachia mama ni pembe ya nyati ya kupigia vugo. Ndiyo ngoma yetu ya arusi: wanawake huzunguka mtaani kwa miguu wakipiga pembe kwa vijiti na kuimba. Mama aliniusia kwamba siku ya Rukia nitembee mimi mbele, na pembe ile mkononi. Wakwe wakataka arusi iwe Mfunguo Pili, baada ya Ramadhani. Nikasikia vigelegele kutoka juu, nikataka kukimbia nami nikapige changu. Miguu ikakataa.

Nikajaribu tena. Kuanzia magotini kwenda chini palikuwa na kitu kizito kisicho changu. Nazi nzima nimeikuna, machicha yapo, tui linasubiri, na mimi nimekaa pale kwenye mbuzi kama niliyegandishwa. Rukia akaja mbio akiwa na furaha zake, akaniona, akacheka.

"Dada, inuka bwana! Wageni wataka kukuona."

"Siwezi."

"Wacha mzaha."

"Rukia, wallahi siwezi. Ndoo hapa unishike."

Aliniinua kwa kunikumbatia, na tangu siku ile hakucheka tena mpaka mvua za masika.

Nisiwachoshe kwa yaliyofuata. Waliosema ni kijicho walileta ubani. Waliosema ni pepo walileta la kwao. Nilikunywa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, nilifukizwa, nilisomewa, na kila aliyenitakia heri Mungu amlipe. Miguu ikaanza kuvimba. Ukinibonyeza kwa kidole mfupani, shimo lilibaki pale muda mrefu, na mwanangu mdogo aliligeuza kuwa mchezo wake, akinitia vishimo kwa safu kama anacheza bao. Usiku visigino viliwaka moto, mchana sikuvihisi kabisa. Nilipokanyaga siafu nilijua kwa macho tu. Athumani alinibeba mgongoni kupanda na kushuka ngazi, na kila nilivyozidi kudhoofika, mavyaa alizidi kuuosha mchele wangu.

Siku aliponibeba akanisikia ninavyotweta kwa kubebwa tu, mimi niliyekuwa sifanyi lolote, Athumani hakunipeleka kitandani. Alinishusha moja kwa moja mpaka barabarani na kunitia katika mkokoteni wake wa mbao. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mavyaa akatoka na mwavuli, akatembea kando ya gurudumu hadi hospitali, akinifunika mimi na yeye mwenyewe akirowa.

Kwenye baraza ya hospitali tuliketi benchi la wanawake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Benchi lile nililichukia siku ya kwanza na mwisho nikalipenda. Ukikaa hapo, kila mtu ana dawa ya ugonjwa wako na hakuna mwenye dawa ya wake. Mama mmoja wa Kihindi, ambaye hatukuelewana hata maneno kumi, alinipepea kwa upepeo wake, mkono ukimchoka anahamisha mwingine. Mama mwingine wa Ganjoni aliniona naificha miguu chini ya buibui, akanigusa goti.

"Ifunue, mwanangu. Mficha uchi hazai."

Basi nikaifunua. Aliyetupokea alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, mtu wa makamo, mtu wa Kaloleni, jina lake Karisa, mpole wa maneno na mwepesi wa macho. Alinibonyeza muundi, akatazama shimo. Akaniambia nichutame, nikachutama. Akaniambia nisimame, nikabaki pale chini. Daktari alipopita aliangalia hayo mawili, akasema neno moja, beriberi, akaenda kwa mwingine. Dresa Karisa akavuta kigoda akaketi.

"Mwala nini nyumbani, mama?"

Kabla sijafungua mdomo, mavyaa alikwisha kujibu. "Wali, baba. Wali mzuri. Huyu hatumpi chakula cha ovyo."

"Mchele mwauosha?"

"Maji saba!" Bi Zuhura akanyoosha shingo. "Namuoshea mimi mwenyewe, sikubali mtu aguse. Na maji ya kuchemshia nayo nayamwaga."

Dresa akamgeukia. "Na kuku mwafuga?"

"Twafuga."

"Mwawalisha nini?"

"Wishwa. Twanunua kwenye mashine ya kukobolea mpunga."

"Na kuku wenyewe hali zao?"

"Aa, kuku wana nguvu hao! Mmoja majuzi aliruka ukuta mpaka kwa jirani."

Watu wa benchini wakaangua kicheko, nami nikacheka pia, sijui kwa nini. Dresa Karisa hakucheka. Alisema taratibu, kwa heshima, kwamba nguvu ya mchele imo kwenye ile ngozi nyekundu, mashine huivua, maji saba humalizia, na tunachokinunua tukawapa kuku ndicho ninachokikosa mimi. Sindano atanipa, kila siku mwanzoni, kisha mara mbili kwa juma. "Lakini dawa yenyewe iko jikoni mwenu," alisema. "Mchele wa kutwanga, mbaazi, kunde, mchicha. Na atembee. Miguu isiyotumwa husahau kazi."

Nikamtazama mavyaa. Alikuwa ameuinamia mwavuli wake, anaukunja na kuukunjua.

Sindano ya kwanza iliniuma, ya tano nikaihesabu kwa hamu, na kwenye ya nane nikahisi baridi ya sakafu kwa unyayo wangu. Nililia kwa furaha ya sakafu! Lakini nyumbani furaha ilikuwa haijaingia. Bi Zuhura aliacha kupika. Alikaa chumbani kwake na tasbihi, chakula akiletewa anakigusagusa tu. Athumani akienda kumwambia neno, alirudi na uso wa mtu aliyepigwa.

"Yuwasema nini?" nikamuuliza.

"Yuwasema, 'N'lipewa yatima wa watu nimtunze, nimemvunja miguu kwa sufuria yangu.'"

Mimi nami nina hasira zangu. Nilimkasirikia kwa kuniosha nguvu zote, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Rukia akaongeza lake: arusi iahirishwe, yeye hatoki nyumba hii na mimi siwezi kusimama. Nikamwambia akithubutu kuwaambia wakwe hivyo nitatambaa hadi kwao kuwaambia kinyume. Kusema kweli niliogopa. Mfunguo Pili ilikuwa inakuja na pembe ya mama ilikuwa ukutani, na umbali wangu mrefu kabisa ulikuwa kitanda hadi dirishani.

Mpunga ulipatikana kwa wachuuzi wa Kisauni. Kinu je? Katika nyumba za Mji wa Kale utapata birika za shaba na vioo vya fremu, kinu hupati. Athumani alikinunua hukohuko Kisauni, akakileta kwa mkokoteni uleule ulionipeleka hospitali, nacho kilipita vichochoroni watu wakichungulia madirishani. Akachonga michi miwili. Kwenye boriti ya ua akanifungia kamba, niishike kwa mkono mmoja huku mwingine ukitwanga.

Siku ya kwanza nilipiga mara sita. Mbili ziliingia kinuni, nne ziligonga ukingo. Jirani akaita kutoka ng'ambo, "Jamani, kuna msiba huko?" Rukia akamjibu kwamba tunajenga. Nilikuwa nimening'inia kwenye kamba ile, jasho linanitoka, mpunga uko vilevile, niliposikia sauti kutoka ngazini.

"Wautwanga au waubembeleza?"

Bi Zuhura alishuka. Akakaza leso kiunoni. Akashika mchi wa pili, akavitemea viganja mate kidogo, na akapiga. Mchi ulishuka katikati ya kinu, ukapanda, ukashuka, wala bega lake halikutikisika. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kutwangia ambao sikuwahi kuusikia, wa mpunga unaomkataa mwari mvivu, na kila mwisho wa ubeti mchi ulikuwa umeshafika chini. Athumani alitoka kiwandani na patasi mkononi. Hata yeye, mwana wa tumbo lake, alikuwa hajauona mkono ule.

"Mama, umejifunza wapi?"

"N'mezaliwa Mtongwe, baba. N'metwanga tangu sijafika urefu wa mchi." Aliacha kupiga. "Viganja vilitoka damu. N'lipoolewa hapa mjini nikasema, mtoto wangu na mkaza mwanangu hawatashika mti huu. Watakula mchele mweupe wa watu. Basi angalia."

Akalia, amesimama vilevile na mchi wake. Nikaiachia kamba ili nimshike, nikasahau kwamba kamba ndiyo iliyonishika. Tukaanguka wote wawili kwenye kumvi za mpunga, mimi juu yake, Athumani na Rukia wakatukimbilia, na tulipoona hakuna aliyeumia tukacheka mpaka jirani akauliza tena kuna nini.

Tangu siku ile tulitwanga wawili, kwa zamu, mchi wake ukipanda wangu ukishuka. Alinifundisha kupiga kwa mwili mzima badala ya mkono, na kupumua wapi. Mchele wetu ulitoka mwekundu-mwekundu, tukauosha mara moja tu, maji ya kuchemshia hatukuyamwaga. Mbaazi zikarudi. Lo, mbaazi zile za kwanza, na tui zito, na hamri la moto! Niliwaambia wanangu wasinisemeshe mpaka nimalize.

Na nikatembea. Kila alasiri, mavyaa kushoto, Rukia kulia. Juma la kwanza nilifika kwa fundi cherehani, nyumba ya tatu. Juma lililofuata nikafika msikitini. Haba na haba hujaza kibaba. Ramadhani ilipoandama sikufunga, kwa amri ya dresa, na niliona haya kula mchana, basi mavyaa akaketi nami kila adhuhuri na kunilinda mpaka nimalize sahani, yeye mwenyewe amefunga. Siku ya Idi nilifika Ngomeni kwa miguu yangu, nikakaa ukutani nikatazama watoto wa watu na nguo zao mpya. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mifupa ya kifundo cha mguu, ambayo sikuiona tangu kaskazi, ilikuwa imerudi mahali pake. Njiani kurudi niliwaonyesha hata wasioniuliza.

Sindano ya mwisho ilikuwa Mfunguo Mosi. Dresa Karisa akaniambia kwamba siku hizi hata huko mashamba, Kisauni na Mtongwe, wanawake wanaviacha vinu, wanapeleka mpunga mashineni wapate weupe kama watu wa mji. "Wakisikia kwangu watasema dresa yuwasema kazi yake. Wewe wakikuona watasikia." Nikamwahidi kwamba nikitembea arusi ya mdogo wangu, nitatembea hadi huko.

Alasiri ya vugo niliichukua pembe ya mama ukutani. Tulitoka Kibokoni wanawake kiasi cha kujaza kichochoro, mimi mbele. Tulipofika Ndia Kuu miguu ilikuwa imeanza kuwaka, na nilimsikia mavyaa nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, katikati ya wimbo, "Kwa mwili mzima, mwanangu." Nikapumua pale aliponifundisha. Tukafika Kuze kwa bwana arusi, tukaimba mlangoni mpaka wakwe wakachoka kutupa marashi, tukarudi tena hadi kwetu. Sikukaa hata mara moja. Rukia alikuwa dirishani na hina yake mbichi, na aliponiona naingia mtaani nikiwa bado mbele, alilia akaharibu wanja wote.

Ndipo kikaletwa chakula. Bi Zuhura aliipika arusi ile kwa mchele wa kinu. Sinia zilipowekwa, niliona wageni wakitazamana. Mama mmoja, aliyevaa dhahabu nyingi, akalisogeza tonge kwa kidole.

"Bi Zuhura, leo mchele umekosekana mjini?"

Mavyaa aliingia jikoni, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi, ileile, akaiweka katikati ya ukumbi, mbele ya wanawake wote na dhahabu zao. Akanitazama.

"Ndoo uketi."

Niliketi. Nilisikia magoti yangu yakiuliza swali lilelile la siku ya posa, mikono yangu nikaiweka mapajani ionekane haishiki kitu. Kisha nikasimama. Nilisimama wima kwa mara moja, na vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vya kwangu, si vya arusi.

"Huu ndio mchele uliomwinua," alisema Bi Zuhura. "Asiyeutaka, kuku wetu watamshukuru."

Wakala wote, na aliyevaa dhahabu akaongeza. Mimi nilikuwa nageuka niende kwa Rukia, mavyaa akanishika mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa akicheka.

"Keti tena, mwanangu," aliniambia. "Wa nyuma hawakuona."